Koo la dohani, inchi nne

Mwezi Februari mwaka 1695, katika kasri la Versailles, divai na maji viliganda ndani ya glasi mezani kwa mfalme. Habari hizo tumeachiwa na Liselotte, shemeji yake Louis wa 14, mwanamke wa Kijerumani aliyeandika barua maisha yake yote bila kumwonea mtu haya. Mfalme huyo hakupungukiwa kuni. Alikuwa na misitu, alikuwa na watumishi wa kuzikata, kuzibeba na kuzichochea, na kumbi zake zilikuwa na meko makubwa ya marumaru yaliyochongwa na mafundi bora wa Ufaransa. Moto uliwaka, na divai ikaganda.

Mimi naishi Njombe, na kwetu kipupwe si jambo la kuhadithiwa. Juni na Julai mtu anaamka na koti, anapika na koti, analala na soksi. Ukipanda kuelekea Makete na Kitulo, alfajiri unakuta majani meupe kwa umande ulioganda. Nyumba niliyopanga ina meko ya ukutani, yaliyojengwa zamani na watu waliotoka nchi zenye baridi kali kuliko hii, na kwa muda mrefu meko hayo yalikula kuni zetu yakatulipa moshi. Nikaanza kusoma jinsi wenzetu wa nchi za baridi walivyohangaika na jambo hili karne kwa karne, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoshikwa. Kuna watu wawili watatu katika historia hii ambao nawaheshimu kama ninavyowaheshimu wavumbuzi wa dawa, kwa sababu walikataa kuongeza kuni, wakakaa chini kuangalia hewa inapita wapi.

Tuanze na wakati ambapo dohani, yaani mabomba ya kupitishia moshi hadi juu ya paa, hazikuwepo. Katika nyumba za zamani za Uingereza, za wakulima hata za mabwana, moto uliwashwa katikati ya sakafu, na moshi ukajitafutia njia kupitia tundu la paa. Penshurst Place, huko Kent, ina ukumbi wa mwaka 1341 ambao sehemu ya moto bado inaonekana katikati ya sakafu hadi leo. Mtu wa Nyanda za Juu Kusini hahitaji kuelezwa nyumba ya namna hiyo ikoje. Moto wa katikati unatoa joto pande zote, hakuna linalopotelea ukutani, na watu wanaukalia duara. Adha yake ni macho na kifua.

Dohani zilianza kwenye ngome na makao ya watawa, zikachelewa sana kufika kwa watu wa kawaida. Mwaka 1577 kasisi William Harrison wa Radwinter, Essex, aliandika kwamba wazee wa kijiji chake walikuwa wakistaajabia mambo yaliyobadilika tangu ujana wao, na mojawapo lilikuwa wingi wa dohani. Zamani, walisema, kijijini zilikuwa mbili tatu tu. Harrison mwenyewe hakuzifurahia sana. Aliona kwamba moshi wa zamani ulikuwa ukizikomaza mbao za nyumba na kuwakinga watu na maradhi, na kwamba siku hizi, dohani zilipojaa, mafua nayo yamejaa. Bibi yeyote wa kwetu anayetundika mahindi ya mbegu juu ya meko ili fukusi wasiyaguse angemwelewa kasisi yule bila mkalimani. Moshi una kazi yake. Nyasi za paa zinadumu, mbegu inadumu. Lakini mapafu ya mwanamke anayepika humo hayadumu, na hilo nalitaja mapema ili nisieleweke kwamba natamani tundu la paa lirudi.

Sasa, moto ulipohamishwa kutoka katikati ya chumba ukawekwa ndani ya ukuta, kitu kilipotea, na ilichukua zaidi ya miaka 200 watu kukielewa vizuri. Moto wa ukutani unapasha chumba kwa upande mmoja tu, ule unaotazama chumba. Pande nyingine zinapasha tofali, na juu kuna dohani. Meko ya zamani yalikuwa mapana na yenye kina kirefu, mengine yakiwa na viti ndani yake pembeni mwa moto, na dohani iliyokuwa juu yake ilikuwa pana vilevile. Watu walidhani upana huo ni wa kupitisha moshi. Kweli, moshi ulipita. Na hewa yote ya moto ya chumbani nayo ilipita.

Jambo hili ni rahisi kulishuhudia. Chukua dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mduara, uiwashe kipande, halafu usimame mbele ya meko yanayowaka. Ishikilie chini ya ukingo wa juu wa mdomo wa meko. Ule uzi mwembamba wa moshi utalala, utaingia ndani ya meko, utapanda mbio. Sasa nenda mlangoni, uishikilie chini, kwenye mwanya kati ya ubao na sakafu. Uzi utalala tena, safari hii ukielekea chumbani. Kilichotoka juu lazima kiingie kutoka mahali, na kinachoingia ni hewa ya nje, ya baridi, inayopita kwenye visigino vyako ikiufuata moto. Moto ukiwa mkubwa zaidi, dohani inavuta zaidi, na baridi inaingia zaidi. Kwa meko ya namna hiyo, kuongeza kuni ni kutia maji kwenye pakacha. Ndivyo divai inavyoganda mbele ya moto: uso unaungua, mgongo unatetemeka, na chumba kinabaki na baridi ya nje, maana hewa yake karibu yote ni ya nje.

Waliogundua hili hawakuwa wajinga hata kidogo, na kila mmoja alijaribu njia yake. Ufaransa, miaka ya 1600, tabibu Louis Savot alitengeneza meko katika kasri la Louvre ambayo hewa ya chumba ilipita chini ya moto na nyuma yake, ikapata joto, ikarudishwa chumbani kupitia matundu ya juu. Mwaka 1713 Nicolas Gauger, Mfaransa mwingine, alitoa maelezo marefu ya meko yenye mashimo nyuma yake ya kupashia hewa, na muda mfupi baadaye maelezo hayo yakasomwa Uingereza kwa Kiingereza. Yalikuwa mawazo mazuri, yakabaki kwa wenye majumba.

Kisha akaja Benjamin Franklin, na hapa naomba nikae kidogo.

Franklin aliishi Philadelphia, na alichokiona mwanzoni mwa miaka ya 1740 kitamgusa kila anayenunua mkaa leo. Aliandika kwamba kuni, ambazo ndani ya miaka 100 iliyopita mtu alizipata mlangoni kwake, sasa zilikuwa zinaletwa kwenye baadhi ya miji kutoka karibu maili 100, yaani kama kilomita 160. Hii ni Marekani, nchi ya misitu, na Philadelphia yenyewe haijamaliza hata karne. Ukiangalia mkaa wa Dar es Salaam unavyotoka Handeni, Kilosa na Kilwa, unaona kwamba Franklin alikuwa anaielezea hali yetu kabla hatujafika. Na hakuishia kwenye bei. Alilalamika kwamba wanawake, kwa kuwa wanakaa sana ndani, ndio wanaopigwa na ule upepo wa mianyani, wakapata mafua yanayoshuka hadi kwenye taya na ufizi na kuwaharibia meno. Sijui daktari wa meno angesema nini, lakini napenda kwamba aliangalia nani hasa anayekaa kwenye mkondo wa baridi.

Dawa yake ilikuwa meko ya vyuma vya kusubu, yaliyokaa mbele ya meko ya zamani. Rafiki yake Robert Grace, mwenye tanuru la chuma, alizimimina zile bamba, na mwaka 1744 Franklin akachapisha kijitabu cha kuyaeleza. Ndani kulikuwa na sanduku la chuma lenye vizuizi. Hewa safi iliingia humo kutoka chini ya sakafu, ikazunguka kati ya vizuizi ikipata joto, ikatokea pembeni kuja chumbani. Moshi nao ulipanda mbele ya sanduku, ukapita juu yake, ukashushwa nyuma yake hadi chini ya usawa wa sakafu, ndipo ukaingia kwenye dohani. Alisema chumba chake kilipata joto mara mbili ya zamani kwa robo ya kuni. Gavana wa Pennsylvania, George Thomas, alitaka kumpa hataza ya kuyauza peke yake kwa miaka kadhaa. Franklin alikataa, akieleza kwamba sisi sote tunafaidi uvumbuzi wa wengine, basi tufurahi tunapopata nafasi ya kuwafaa wengine bure. Fundi mmoja wa vyuma wa London akabadilisha vitu vichache, akajichukulia hataza, akapata fedha.

Nampenda Franklin kwa moyo huo. Lakini meko yake yalikuwa na kasoro, na kasoro hiyo inafundisha kuliko sifa zake. Moshi hupanda kwa kuwa ni wa moto. Ukiulazimisha ushuke kabla ya kupanda, utakubali pale tu dohani ikiwa imeshapata moto wa kutosha kuuvuta. Asubuhi, chuma kikiwa baridi na dohani baridi, moshi unagoma, unarudi chumbani. Mwenye nyumba alilazimika kuutunza moto usizime kabisa. Miongo kadhaa baadaye David Rittenhouse, naye wa Philadelphia, aliinyoosha njia ya moshi, na yale yaliyokuja kuuzwa kwa jina la Franklin hayakuwa na ule mshuko wala mara nyingi lile sanduku la hewa. Jina likabaki, werevu ukaondolewa.

Aliyelimaliza suala la meko ya wazi alikuwa Mmarekani mwingine mwenye jina hilohilo la kwanza, na ambaye kwa tabia alikuwa kinyume chake kabisa. Benjamin Thompson alizaliwa Woburn, Massachusetts, mwaka 1753. Vita vya uhuru vilipoanza aliwaunga mkono Waingereza, akawapelekea habari za siri, akakimbia akimwacha mke na binti mchanga. Baadaye aliingia katika utumishi wa Karl Theodor, mtawala wa Bavaria, akapanga upya jeshi, akawakusanya ombaomba wa Munich wakapewa kazi na supu, akaanzisha ile bustani kubwa ya mjini humo ambayo watu wanapumzika hadi leo. Akapewa cheo cha Count, akachagua jina la Rumford, jina la zamani la mji wa Concord, New Hampshire, alikokuwa ameoa. Sina mapenzi makubwa na mtu huyu. Alikuwa mgumu, mwenye kujikweza, na alipokufa karibu na Paris mwaka 1814 waliomsikitikia walikuwa wachache. Ila alikuwa na jicho. Ndiye aliyetazama mizinga ikitobolewa kiwandani Munich, akaona chuma kinavyotoa joto bila kukoma maadamu kinasuguliwa, akatangaza mwaka 1798 kwamba joto ni mwendo.

Rumford alipofika London mwaka 1795 alikuta mji umefunikwa na wingu jeusi. Watu waliliona kama hali ya hewa. Yeye aliliona kama makaa ya mawe ambayo hayakuungua: mafuta yaliyonunuliwa, yakapandishwa kwenye dohani, yakaelea juu ya mji hadi yakapoa, kisha yakamwagika chini kama vumbi jeusi. Mwaka uliofuata akachapisha maelezo yake ya jinsi ya kurekebisha meko, akaanza kuyatengeneza katika nyumba za wakubwa, miongoni mwao Lord Palmerston pale Hanover Square na Sir Joseph Banks, mwanasayansi mashuhuri. Baada ya muda mfupi kila mwenye nafasi alitaka awe na Rumford ukutani kwake. Mwaka 1800 mchoraji James Gillray alimchora akiwa amesimama ameupa moto mgongo, ameinua mikia ya koti lake apate joto vizuri.

Alifanya nini? Hakuleta chuma, hakuleta sanduku, hakuleta mzunguko wa chini ya sakafu. Alileta vipimo.

Kwanza koo. Pale dohani inapoanzia, juu tu ya moto, palikuwa na uwazi mpana sana. Rumford alisema pabanwe pabaki inchi nne, kama sentimita 10, kutoka mbele kwenda nyuma. Hapo hewa ya chumba haipati njia ya kumiminika, na moshi wenyewe unapita ukiwa bado wa moto na mwepesi, kwa hiyo unapanda kwa kasi. Watu walidhani njia nyembamba italeta moshi chumbani. Ikawa kinyume. Moshi hurudi pale unapochanganyika na hewa nyingi ukapoa, ukakosa nguvu ya kupanda, na hayo ndiyo yaliyokuwa yakitokea ndani ya madohani mapana.

Pili, kina. Ukuta wa nyuma aliuleta mbele, moto ukawa karibu na chumba. Kipimo alichokipenda ni inchi 13 za kina, nyuma upana wa inchi 13 hizohizo, na mdomo wa mbele inchi 39. Ukichora hivyo kwenye karatasi utaona kuta za pembeni hazisimami tena mraba. Zinafunguka kwenda nje, zikifanya pembe ya nyuzi 135 na ukuta wa nyuma. Hapa ndipo alipoelewa jambo ambalo wenzake walilipita. Joto la moto wa wazi linalomfikia mtu halibebwi na hewa. Linarushwa na moto moja kwa moja, kama mwanga, linapita hewani bila kuipasha, linatua kwenye mwili wako, kwenye meza, kwenye ukuta wa mbele. Hewa iliyopashwa na moto tayari iko njiani kwenda angani. Kwa hiyo kazi ya meko ni kurusha, na kuta za pembeni zikipinda zinarusha hadi kwenye kona za chumba. Alishauri zijengwe kwa tofali au jiwe, si chuma, na zipakwe chokaa, kila zikichafuka zipakwe tena, kwa kuwa rangi nyeusi inalinywa joto na nyeupe inalirudisha.

Tatu, ukingo wa juu wa mdomo, kwa ndani, uviringwe usiwe na kona kali, ili hewa inayoingia isijikunje ikarudisha moshi nje. Na nyuma ya koo, pale ukuta mpya wa nyuma unapoishia, paachwe kama rafu bapa.

Hayo yote ni matofali machache, udongo kidogo na kazi ya mwashi mmoja. Hilo ndilo linalonifanya nimheshimu mtu ambaye nisingependa awe jirani yangu. Angeweza kuuza kifaa. Hakuchukua hataza, akaandika vipimo ili mwashi yeyote anayejua kusoma rula avifuate ndani ya meko yaleyale ya zamani.

Kuna kipengele kimoja katika maelezo hayo ambacho nilikisoma mara ya pili na ya tatu. Rumford anaelekeza kwamba sehemu ya juu ya ule ukuta mpya wa nyuma paachwe mlango mdogo, uzibwe kwa kigae au jiwe bapa lisilojengewa, linaloweza kuondolewa na kurudishwa. Mlango wa nini? Wa msafisha dohani. Na msafisha dohani wa London wakati ule alikuwa mtoto. Madohani ya makaa ya mawe huko juu yalikuwa membamba mno kwa mtu mzima, masizi yalipaswa kukwanguliwa, na waliotoshea humo ni watoto wadogo, wengi wao mayatima au waliotolewa na wazazi maskini. Walipanda kwa viwiko na magoti hadi ngozi ikawa sugu. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott alionyesha kwamba masizi yale yalikuwa yakiwapa saratani wanapokua, na hiyo inakumbukwa kama mara ya kwanza kwa saratani kuhusishwa waziwazi na kazi ya mtu. Bunge lilitunga sheria mwaka 1788, likatunga tena 1834, 1840 na 1864, na ni ya mwaka 1875 tu iliyokomesha kweli, baada ya mtoto George Brewster kufa kwa kukwama ndani ya dohani. Brashi ndefu za kuunganisha vipande zilikuwepo miaka mingi kabla. Wenye nyumba waliona usumbufu. Kila ninaposifu joto la vyumba vile, nalikumbuka lile jiwe bapa na nani aliyepita nyuma yake.

Nisimalize bila Sweden, kwa sababu kusema kweli, kwa upande wa kupasha chumba, Waswidi waliwapita wote hawa. Nchi yao ilikuwa inakata misitu kwa ajili ya mkaa wa kuyeyushia chuma, na serikali ikataka njia ya kupunguza kuni majumbani. Mwaka 1767 Carl Johan Cronstedt na Fabian Wrede walitoa jiko refu la matofali lililofunikwa vigae, ambalo ndani yake moshi unapanda, unashuka na kupanda tena kwenye mifereji kadhaa kabla ya kutoka. Tofauti na Franklin, hapa moto umefungiwa nyuma ya mlango, na mwili wa jiko ni mzito wa matofali. Unawasha kuni kavu asubuhi, zinawaka kwa nguvu muda mfupi, joto jingi linanaswa na tofali, kisha jiko linalitoa polepole mchana kutwa. Jioni unarudia. Hakuna moto unaohitaji kuchungwa usiku. Waingereza walijua majiko ya namna hii, hawakuyataka, wakisema wanapenda kuuona moto. Rumford aliijua tabia hiyo, na nadhani ndiyo maana hakupoteza nguvu kupigana nayo. Akawaachia moto wao wa wazi, akapunguza hasara.

Sasa nirudi kwetu, maana kuna jambo linaniuma. Wengi wetu wa nyanda za baridi, huku Njombe na Makete, hata kule Limuru na Kericho, hatuna meko ya ukutani. Tunaingiza jiko la mkaa chumbani, tunafunga mlango na dirisha, tunalala. Mkaa ukiwaka kwenye hewa haba unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na kila msimu wa baridi tunasikia familia imekutwa asubuhi haiamki. Jiko la mkaa lililotiwa kauri ndani, lile lililosambaa Kenya tangu miaka ya 1980 likafika kwetu, limepunguza mkaa unaotumika, na nalisifu. Lakini halina dohani. Kuokoa mkaa na kuitoa sumu nje ni kazi mbili tofauti, na tusidhani ya kwanza imefanya ya pili. Jiko likiwa chumbani unakolala, litoe nje kabla hujalala, hata kama limebaki majivu mekundu. Hasa likibaki majivu mekundu.

Meko yetu tuliyarekebisha. Fundi ni mzee aliyejenga matanuri ya matofali maisha yake yote. Nilimsomea vipimo, akachukua tochi, akaingiza kichwa mekoni, akatazama juu muda mrefu, akatoka na masizi kwenye paji la uso. "Mwalimu," akasema, "hapa moshi una sebule yake. Kwa nini upande?" Nikamwambia huko Uingereza ilibidi aje mtu na cheo chake aseme maneno hayo. Akacheka, akaomba matofali. Ukuta wa nyuma ukaja mbele, pembeni zikafunguka, koo likabanwa akilipima kwa kipande cha mbao alichokikata inchi nne, akikipitisha kutoka upande hadi upande ili pasiwe na mahali panapozidi. Tukapaka chokaa. Nikamwomba aache kigae cha kuondoa nyuma kwa ajili ya brashi. Kuni zimepungua sana, na kiti cha mbali sasa kinakalika.

Siku hizi naona nyumba mpya nyingi, Njombe, Arusha na kwingineko penye baridi, zinachorwa na meko ya ukutani sebuleni. Ukiyaangalia unaona marumaru mbele, rafu ya kuwekea picha, taa. Ukiingiza kichwa unaona shimo la mraba linalopanda wima hadi juu, lenye upana uleule mwanzo hadi mwisho. Hayo ni meko ya Versailles. Kabla ya kulipia marumaru, muulize fundi koo litakuwa na inchi ngapi, ukuta wa nyuma una upana gani, na kama dohani itapita juu ya mgongo wa paa au itaishia chini yake upepo uirudishe ndani.

Na muulize hewa itaingilia wapi. Nyumba hizi zina madirisha ya alumini yanayofunga kwelikweli, na kwenye chumba kilichozibwa hata koo lililopimwa vizuri litatoa moshi, kwa sababu hakuna kinachoingia kuchukua nafasi ya kinachotoka. Franklin, akiwa mzee, melini akirudi nyumbani mwaka 1785, alimwandikia daktari Jan Ingenhousz barua ndefu kuhusu madohani yanayofuka, na sababu ya kwanza aliyoitaja ni hiyohiyo: nyumba mpya zilizojengwa vizuri mno. Kipimo chake ni rahisi. Washa moto, funga mlango, moshi ukianza kurudi fungua mlango kidogokidogo hadi moshi uache. Pima mwanya uliobaki. Kama ni nusu inchi kwenye mlango wa futi 8, chumba chako kinahitaji tundu la inchi za mraba 48, sawa na inchi 6 kwa 8. Tundu hilo usiliweke chini, miguuni. Franklin alishauri liwe juu, karibu na dari, kwa mfano kwa kushusha kioo cha juu cha dirisha kiasi cha inchi moja na kuweka chini yake ubao mwembamba unaoielekeza hewa juu, ichanganyike na joto lililokusanyika darini kabla ya kuwafikia watu waliokaa.